Je, Wajua? Filamu Bubu za Ujerumani Zilivyookolewa

Je, wajua kwamba Metropolis ya Fritz Lang ilikatwakatwa mwaka uleule ilipozaliwa? Ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927, mkanda wake ukiwa na urefu wa mita 4,189. Wasambazaji wa Marekani waliiona ndefu mno, wakaipunguza na kuibadilisha hadithi. Ujerumani nako ikafupishwa. Karibu robo ya filamu ikatoweka, na watafiti walikaa miongo mingi wakiamini kwamba sehemu hiyo haitaonekana tena.

Je, wajua ilipatikana wapi? Buenos Aires! Msambazaji mmoja wa Argentina alikuwa amechukua nakala kamili kabla ya makasi kupita, akaipeleka kwao mwaka 1928. Ikamfikia mhakiki wa filamu aliyependa kukusanya mikanda, kisha ikaangukia mikononi mwa serikali, na hatimaye kwenye makumbusho ya sinema ya mji huo. Mwaka 2008 ndipo mkurugenzi wa makumbusho, Paula Félix-Didier, na mtafiti Fernando Peña walipoufungua mkanda huo na kukuta ndani yake maonyesho yaliyodhaniwa kuwa yamepotea kabisa.

Lakini ule haukuwa tena mkanda wa milimita 35. Mkanda wa zamani, unaowaka kwa urahisi, ulikuwa umenakiliwa kwenye wa milimita 16, na kila mkwaruzo ulinakiliwa pamoja na picha. Sehemu ya pembeni ya picha nayo ilikatika. Ndiyo maana ukitazama toleo lililokarabatiwa la 2010 utaona picha ikibadilika ghafla: inajaa mistari kama ya mvua na kuwa ndogo kidogo, na pembeni pana weusi. Hapo ndipo penye vipande vya Argentina, takriban dakika 25. Wakarabati wangeweza kuyafifisha makovu hayo hadi picha ikawa kama ya plastiki. Hawakufanya hivyo, na mimi nawapongeza kwa moyo wote. Mtazamaji anastahili kujua kipi kilitunzwa vizuri na kipi kiliponea chupuchupu.

Je, wajua walijuaje kila kipande kikae wapi? Muziki uliwasaidia sana. Gottfried Huppertz aliitungia Metropolis muziki wa okestra, na katika karatasi za noti aliandika alama nyingi zinazoonyesha tukio gani linapita wakati gani.

Je, wajua kwamba mahakama ya Ujerumani iliamuru Nosferatu iangamizwe? F. W. Murnau aliitengeneza mwaka 1922 kutokana na riwaya ya Dracula bila ruhusa. Mjane wa mwandishi, Florence Stoker, akashtaki akashinda, na mwaka 1925 ikaamriwa nakala zote ziharibiwe. Filamu ilipona kwa sababu nakala zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka.

Na ile imani kwamba mnyonya damu hufa akipigwa na jua? Haimo katika riwaya. Ilianza na filamu hii.

Je, wajua kwamba "filamu za nyeusi na nyeupe" nyingi za enzi hiyo zilikuwa na rangi? Mikanda ilitumbukizwa kwenye rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mwanga wa taa, waridi kwa alfajiri. Katika Nosferatu jambo hili si pambo. Maonyesho ya usiku yalipigwa mchana kweupe, kwa hiyo ukitazama nakala isiyo na buluu unamwona mnyonya damu akitembea juani bila kudhurika, na hadithi nzima inaharibika. Ukarabati uliofanywa baadaye ulirejesha rangi hizo kwa kufuata nakala ya Kifaransa ya mwaka 1922.

Je, wajua kwamba katika The Cabinet of Dr. Caligari ya mwaka 1920 vivuli vingi havikutokana na taa, bali vilipakwa rangi ukutani na sakafuni? Mkanda uliopita ndani ya kamera yenyewe bado upo Berlin, isipokuwa sehemu ya kwanza. Ukarabati uliozinduliwa mwaka 2014 ulitumia mkanda huo, na rangi zikafuatwa kutoka nakala mbili zilizosambazwa Amerika ya Kusini. Ukiwa na diski ya toleo hili, utaona hata michirizi ya brashi kwenye mapazia.

Je, wajua kwamba filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia ilitengenezwa na mwanamke, tena kwa hadithi za Alfu Lela Ulela? Lotte Reiniger alikata vikaragosi vya karatasi nyeusi kwa mkasi, akavisogeza kidogo kidogo chini ya kamera kuanzia 1923 hadi 1926. Matokeo yake ni The Adventures of Prince Achmed. Mkanda asilia umepotea. Rangi tunazoziona leo zinatokana na nakala iliyotunzwa London.

Je, wajua kwamba kuhesabu kinyumenyume kabla ya roketi kuruka kulitiwa katika filamu mwaka 1929, roketi za kwenda mwezini zikiwa bado ndoto? Ni Woman in the Moon, ya Fritz Lang pia. Aliiweka hesabu hiyo ili kuwatia watazamaji hamu.

Je, wajua kwamba Mwafrika aliigiza katika filamu hizi? Louis Brody, mzaliwa wa Douala, Kameruni, anaonekana katika Destiny ya Lang ya mwaka 1921. Mwaka huohuo aliandika gazetini Berlin kupinga dhuluma dhidi ya Waafrika waliokuwa wakiishi Ujerumani. Sauti ilipoingia kwenye sinema akafuata mzaliwa wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kuigiza katika filamu kadhaa. Wanazi walimfunga katika kambi ya Sachsenhausen, akafia humo mwaka 1944. Majina yao yanastahili kutajwa kila filamu hizo zinapotajwa.

Ukitaka kuanza kutazama, soma kwanza jalada la diski. Tafuta jina la Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, taasisi ya Wiesbaden inayotunza nyingi ya filamu hizi, pamoja na mwaka wa ukarabati. Metropolis isiyokaribia saa mbili na nusu huenda ni ile iliyokatwa. Irudishe dukani, uulizie toleo la 2010.