Tezi ya Shingo, Chumvi na Mlima Hanang: Utangulizi

Kurasa hizi zinahusu saratani ya tezi ya shingo, tezi ndogo iliyokaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoendesha mwili, na kwa kazi hiyo inahitaji madini joto, yaani iodini. Wanawake huugua saratani hii takriban mara tatu ya wanaume. Mengine mengi hubadilika ukitoka jamii moja kwenda nyingine.

Wilaya za Mbulu na Hanang, kaskazini mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kuanzia. Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wanyiramba wanakutana huku na pembezoni mwake, watu wa lugha za asili nne tofauti kabisa, na wa jamii zote hizo hutibiwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Nchi ni ya miinuko, na kwenye miinuko mvua huosha madini joto udongoni. Mlima Hanang, volkano ya mita 3,420, umesimama juu ya Katesh. Chini yake lipo Ziwa Balangida, ambako watu hukusanya chumvi.

Tuanze na chumvi hiyo. Katika miaka ya 1980, takriban robo ya watoto wa shule waliopimwa Tanzania walikuwa na goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1990, na kufikia 2004 kiwango kilishuka hadi asilimia 7 hivi. Ni ushindi mkubwa ambao tunausimulia mara chache mno. Lakini chumvi ya kukusanya ziwani haipiti kiwandani. Idondoshee tone la kipimo: ikigeuka buluu, madini joto yamo, ikibaki kama ilivyo, hayamo. Upungufu wa madini joto hauishii kwenye goita, bali hugusa hata aina ya saratani. Palipo na upungufu, saratani ya folikula na ile ya anaplastiki, kali kuliko zote, huchukua sehemu kubwa zaidi. Madini joto yakitosha, hutawala ya papilari, ambayo wengi hupona.

Mlima nao una swali lake. Wagonjwa wa saratani hii wengi kuliko kawaida wameonekana penye volkano: Hawaii, Iceland na mkoa wa Catania chini ya volkano ya Etna. Watafiti wanashuku madini yaliyomo kwenye maji ya kunywa, ila ushahidi wa kufunga hoja haujapatikana. Katesh inastahili kuulizwa swali hilohilo, mradi tusichukue jibu la Etna tukalibandika Hanang.

Kihatarishi kisicho na ubishi ni mionzi, hasa utotoni. Baada ya ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986, watoto walikunywa maziwa yenye iodini ya mionzi, na tezi zilizokuwa na upungufu ziliifyonza zaidi.

Sasa hesabu zenyewe, na hapa naomba usome taratibu. Korea Kusini ilianzisha mpango wa kuchunguza saratani mwaka 1999, na hospitali zikawa zinaongezea altrasaundi ya shingo kwa ada ndogo. Kufikia 2011 waliogunduliwa walikuwa mara 15 ya wale wa 1993, lakini vifo havikubadilika. Finland, mwaka 1985, maiti za watu waliokufa kwa sababu nyingine zilichunguzwa, na zaidi ya theluthi zilikutwa na saratani ndogondogo za tezi. Basi ukiambiwa ugonjwa huu ni mwingi Seoul na haba Mbulu, uliza kwanza nani alitazama, na kwa kifaa gani. Mbulu mtu huishi na uvimbe miaka, akaja sauti imekauka na chakula hakishuki. Kama kinyama chake hakikufika chini ya hadubini, kwenye takwimu hayumo, hata akifa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa tiba utakayefanya kazi huku, mketishe mgonjwa, mpe maji, mwambie ameze: uvimbe wa tezi hupanda na kushuka pamoja na koo. Muulize umeanza kukua kwa kasi lini, na kama aliwahi kutibiwa kwa mionzi. Muulize pia habari za ndugu zake, kwani takriban robo ya saratani za medula, aina nyingine ya saratani ya tezi hii, hurithiwa. Kisha uliza chumvi ya nyumbani inatoka wapi, na uandike kijiji alichokulia, si anachoishi sasa tu.