Ganda la prunusi: tutoe dawa bila kuua mti

Waganga wetu wa kienyeji wanajua ganda la prunusi tangu zamani. Wanalichemsha kwa tumbo na kwa homa. Ulaya nako viwanda vinatengeneza nalo dawa ya wanaume wazee wenye kukojoa kwa shida. Njo maana wanunuzi wanapanda mpaka kwenye milima ya Beni na Lubero.

Mganga anakata kipande kidogo, kidonda kinafunga. Mwenye kutafuta gunia anamenya mti muzima, kuzunguka. Chakula chenye majani yanatengeneza kinashukia ndani ya ganda kwenda kwenye mizizi. Ganda likiisha pande zote, mizizi inakufa njaa, na mti unakauka.

Tufanye hivi:

- Mti wenye upana chini ya sentimita 30, tuuache.
- Tugawe shina pande 4. Tutoe ganda kwa pande 2 zenye kutazamana tu, bila kugusa mbao.
- Pande zingine zingoje miaka mingi, mpaka vidonda vifunge.
- Mbegu tuzioshe nyama na kuzipanda palepale katika pepinieri. Zikikauka, zinaweza kupoteza nguvu ya kuota.

Tangu 1995, mkataba wa CITES unasimamia biashara yake kati ya nchi: bila ruhusa, gunia halivuki mpaka.

Na baba mwenye kukojoa kwa shida aende kwanza kupimwa kwenye santre ya afya. Inaweza kuwa kansa, na ganda haliponyeshe kansa.