Fedha za Kuvukia kwa Raia Mpya

Leo twazungumza juu ya wazee waliohamia Marekani kama wakimbizi. Miongoni mwao wamo wasemao Kiswahili waliotoka Kongo. Swali letu ni hili: mzee huyo akishapata uraia, ataishi kwa fedha gani wakati karatasi zake zingali ofisini?

Kwanza yafaa tujue chanzo. Serikali Kuu ya Marekani hutoa posho ya kila mwezi iitwayo SSI. Hupewa mtu wa miaka 65 au zaidi, au kipofu, au mlemavu, mwenye mapato na mali kidogo. Mwaka 2025 kiasi cha juu cha Serikali Kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Lakini sheria ya mwaka 1996, pamoja na marekebisho ya 1997, ilimwekea mkimbizi mpaka: kwa kawaida huipata kwa miaka 7 tu. Ikipita hajawa raia, posho hukatwa.

Labda mtauliza, mbona asiwe raia mapema? Kuomba uraia wa tajnisi hutakiwa kwanza miaka 5 ya ukaazi wa kudumu. Kisha kuna mtihani wa Kiingereza, historia na mambo ya serikali. Wako wanaosamehewa kwa ulemavu, daktari akithibitisha. Lakini kwa mzee ambaye hakupata kwenda shule, huo ni mlima mrefu, na miaka 7 huisha upesi.

Kwa ajili ya watu kama hao, jimbo la California lilianzisha mwaka 1998 msaada uitwao CAPI. Ni fedha za jimbo, zinazotolewa na kaunti kwa wageni waliokosa SSI kwa sababu ya hali yao ya uhamiaji tu.

Sasa mzee amekula kiapo, amekuwa raia. Kizuizi kimeondoka, basi hana budi kuhamia SSI. Lakini SSI haiji yenyewe. Ni lazima aiombe katika Ofisi ya Hifadhi ya Jamii, na uchunguzi huchukua muda, hali kodi ya nyumba haingoji. Hapo ndipo CAPI inapogeuka kuwa fedha za kuvukia. Kaunti huendelea kumlipa, naye hutia sahihi hati ya kukubali kwamba malimbikizo ya SSI yakitoka, kaunti irudishiwe kwanza.

Tazameni mfano. Tuseme kaunti imempa dola 3,000 katika miezi ya kungoja, na malimbikizo ya SSI kwa miezi hiyo hiyo ni dola 3,150. Kaunti hujirudishia 3,000, mzee hupata 150. Hakudhulumiwa, fedha zile alikwisha kuzila. Tangu hapo SSI humjia yeye mwenyewe kila mwezi.

Yashikeni mambo matatu. Kwanza, aombe mara tu baada ya kiapo, kwa maana SSI hailipi miezi iliyotangulia maombi. Tena, asipoomba, kaunti yaweza kukata msaada wake. Pili, aiarifu kaunti kwamba amekuwa raia, akachukue na cheti chake. Akinyamaza, huenda akatakiwa baadaye kurudisha fedha alizopokea bila haki. Tatu, akikataliwa SSI, asikate tamaa: ana siku 60 tangu kupokea barua za kukata rufani. Barua hiyo asiiweke chini ya godoro; ampe mtoto au jirani ajuaye kusoma siku ile ile.

Kabla ya somo lijalo, jadilianeni katika vikundi vyenu:

1. Kwa nini kaunti hurudishiwa fedha zake?
2. Mzee akikawia miezi miwili kuomba, atapoteza nini?
3. Ni nani mtaani kwenu awezaye kumsomea mzee barua za serikali?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.