Fahamu: Alama ya X kwenye maduka ya kando ya barabara

X ukutani maana yake jengo limeingia kwenye hifadhi ya barabara. Cha kuangalia kwanza ni rangi yake.

Nyekundu au kijani?

Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa Tanzania Bara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 hupigwa X nyekundu: anabomoa na halipwi. Aliyekutwa na sheria akiwa kwenye mita 7.5 zilizoongezwa hupata ya kijani, na hulipwa fidia eneo lake likihitajika. Ugomvi mwingi huanzia hapa, maana mkaanga chipsi hatembei na futi kamba.

Nje ya hifadhi je?

Kiwanja cha makazi hakigeuki kituo cha mafuta au gereji mpaka mabadiliko ya matumizi ya ardhi yaidhinishwe, na maombi huanzia halmashauri. Leseni ya biashara ni jambo jingine; haihalalishi jengo. Njia ya kuingilia kutoka barabara kuu nayo huombewa kibali TANROADS, yaani Wakala ya Barabara Tanzania.