Mbio za farasi za kuruka viunzi: nani anayejua kwamba farasi amechoka?

Kila Aprili, tukisoma habari za michezo siku ya Jumamosi ya Grand National, simu ya studio hupokea ujumbe wa aina mbili. Mmoja huuliza nani kashinda. Mwingine huuliza kwa nini wale farasi wanachapwa, na kama ni kweli kwamba wengine hufia uwanjani. Hewani hatuna zaidi ya dakika mbili za kujibu, na swali la pili halijibiki kwa dakika mbili. Ndiyo maana tunaliandika hapa.

Kwanza tutofautishe. Mbio ambazo wengi wetu Afrika Mashariki tunazifahamu, za uwanja wa Ngong kule Nairobi, ni za uwanja mtupu: farasi hutoka kwa pamoja, hukimbia, na wa kwanza hushinda. Mbio tunazozungumzia leo zina viunzi njiani, na nyumbani kwake ni Uingereza, Ireland na Ufaransa. Grand National hukimbiwa Aintree, jirani na Liverpool, tangu 1839. Ni karibu kilomita 6.9, mizunguko miwili, viunzi 30. Kile kirefu kuliko vyote kina kimo cha mita moja na nusu na ushee. Mnyama wa karibu nusu tani anavifikia kwa mwendo wa shoti, huku wenzake wakimbana kushoto na kulia.

Sasa mtazame aliye juu yake. Hajakaa. Vikuku anavyokanyagia amevifupisha, magoti ameyakunja, na makalio yake hayagusi tandiko. Mtindo huu wa kuchuchumaa ulienea Uingereza baada ya Mmarekani Tod Sloan kuvuka bahari mwaka 1897 na kuanza kuwashinda wenyeji waliokuwa wakikaa wima kama mabwana kwenye kiti. Walimcheka, kisha wakamwiga. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha udaktari wa mifugo cha London walieleza siri yake: mpandaji aliyechuchumaa hutumia miguu yake kama springi, kwa hiyo farasi hubeba uzito wake bila kulazimika kumrusha juu na kumdaka katika kila hatua. Kazi hiyo huifanya mpandaji, na mapigo ya moyo wake hupanda sana. Walikadiria kwamba muda wa kumaliza mbio ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7 katika miaka ambayo mtindo huo ulienea.

Hapo unaona kwamba namna ya kukaa ni sehemu ya ustawi wa farasi. Mpandaji mzito wa mwili lakini mwepesi wa kukaa anaweza kumchosha farasi kidogo kuliko mwembamba anayegonga mgongo.

Kwenye viunzi mambo yanageuka. Zamani wapandaji waliegemea nyuma kila farasi aliporuka, wakivuta hatamu na kumuumiza kinywa. Ofisa wa jeshi la farasi la Italia, Federico Caprilli, aliyefariki 1907, ndiye aliyefundisha kwamba mpandaji amfuate farasi: ainame mbele na kumwachia shingo, maana farasi huitumia shingo kujisawazisha kama mtu anavyotumia mikono akipita juu ya gogo. Mpandaji wa viunzi leo hufuata funzo hilo, lakini si lote. Kiunzi maarufu cha Aintree, Becher's Brook, kina mteremko upande wa kutua, yaani ardhi iko chini kuliko ulikorukia. Ukiinama mbele pale unamwongezea farasi uzito kichwani wakati miguu ya mbele inatafuta ardhi. Kwa hiyo mpandaji hurudisha mwili nyuma na papo hapo kuacha hatamu ziteleze mkononi, ili kinywa kisivutwe. Akishindwa kufanya yote mawili kwa nukta moja, mmoja wao yuko chini. (Kapteni Becher, ambaye kiunzi kinaitwa kwa jina lake, alikuwa mpandaji aliyeanguka hapo 1839.)

Je, ni kweli kwamba hufa? Ni kweli. Takwimu za mamlaka ya mbio ya Uingereza, kwa mbio za aina zote, zinazungumzia karibu farasi 2 katika kila 1,000 wanaoanza, na za viunzi ziko juu ya wastani huo. Wengi huuliza kwa nini mguu uliovunjika haufungwi plasta. Mguu wa farasi kuanzia goti kwenda chini ni mfupa, kano na ngozi. Nyama inayolisha kidonda kwa damu ni haba mno. Tena hawezi kulala kitandani wiki sita. Akiegemea miguu mitatu, kwato za miguu mizima nazo huanza kuugua. Baadhi hutibiwa wakapona, lakini mara nyingi daktari wa mifugo huamua kumkatisha mateso pale pale.

Waandaaji wamebadilisha mengi, mara nyingi baada ya msiba kuonekana kwenye televisheni. Mwaka 2012 walikufa wawili, mmoja wao Synchronised, aliyekuwa ametoka kushinda taji kubwa la Cheltenham mwezi mmoja kabla. Mwaka uliofuata mbao ngumu zilizokuwa ndani ya viunzi ziliondolewa, vikawekwa viini vinavyopinda. Mwaka 2023 Hill Sixteen alikufa kwenye kiunzi cha kwanza, siku ambayo waandamanaji walichelewesha mbio. Mwaka 2024 idadi ya farasi ikapunguzwa kutoka 40 hadi 34, na kiunzi cha kwanza kikasogezwa karibu na mstari wa kuanzia ili wasifike hapo na kasi kubwa. Mwaka huo hakuna farasi hata mmoja aliyeanguka. Hata rangi imebadilishwa: watafiti waligundua kwamba farasi haitofautishi vizuri rangi ya chungwa na kijani cha nyasi, na miaka yote mbao za kuonyesha mahali pa kurukia zilipakwa chungwa kwa sababu binadamu huiona vizuri. Siku hizi hupakwa nyeupe.

Na mjeledi? Huu ndio unaowaudhi wasikilizaji wetu zaidi, nasi tunaelewa, maana barabarani kwetu kila siku tunaona punda wa mkokoteni akichapwa na hatupendi. Mjeledi wa mbio za Uingereza umefungwa sifongo, na wanaoutetea husema kazi yake ni kumzindua farasi. Lakini sheria zenyewe zinakiri kuna kikomo. Mwaka 2011 mpandaji wa mshindi wa Grand National alifungiwa siku tano kwa kuutumia kupita kiasi. Ushindi ukabaki wake. Watu waliona ajabu hiyo, nasi hadi leo tunaiona. Tangu 2023 mbio za viunzi zinaruhusu mara 7, na akizidisha mara 4 au zaidi farasi anafutwa kwenye matokeo. Adhabu hiyo inamgusa mwenye farasi na mfuko wake, si mpandaji peke yake, na kwa maoni yetu ndiyo yenye meno.

Hata hivyo tunadhani mjadala wa mjeledi unaficha jambo kubwa zaidi. Farasi ni mnyama wa kundi. Wenzake wakikimbia, naye hukimbia. Synchronised alianguka Becher's Brook akainuka mzima. Alivunjika mguu baadaye, akiwa anakimbia bila mtu mgongoni na kuruka viunzi kwa hiari yake. Wapenzi wa mchezo husema hilo linathibitisha kwamba farasi hupenda mbio. Huenda. Sisi tunaona linathibitisha pia kwamba farasi hawezi kutegemewa kujisimamisha. Anayeweza kuhisi pumzi imebadilika, hatua zimefupika na miguu inachelewa kuinuka ni mmoja tu, aliye mgongoni.

Na huyo amebanwa. Sheria inamtaka ajitahidi kupata nafasi bora awezayo. Akilegea kwa makusudi anaadhibiwa. Zawadi ya Grand National ni pauni milioni 1, nusu yake ya mshindi, na mwenye farasi anatazama kutoka jukwaani. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka asimamishe farasi aliyeishiwa. Aprili 2025 Celebre d'Allen, farasi wa miaka 13, alikuwa mbele zikiwa zimebaki hatua za mwisho, kisha akaishiwa nguvu ghafla, akaanguka chini baada ya kiunzi cha mwisho. Alitibiwa, akaonekana kupata nafuu, akafa siku chache baadaye. Uchunguzi ulikuta maambukizi makali ya mapafu yaliyomshika baada ya mbio. Mpandaji wake alifungiwa siku 10, waamuzi wakisema aliendelea wakati farasi alionekana hana cha kutoa tena.

Siku kumi ni nyingi au chache? Tuliobishana studio hatukukubaliana. Mmoja wetu alisema mtu aliye kwenye kasi ile hana nafasi ya kufikiri. Mwingine akajibu kwamba wenzake wengi siku hiyo hiyo walifikiri, wakavuta hatamu, wakarudi nyumbani na farasi wao.

Hao hawatajwi hewani, ila wamo kwenye karatasi. Katika matokeo rasmi aliyeanguka huandikwa F, na aliyesimamishwa na mpandaji wake huandikwa P. Aprili ijayo, baada ya kumtaja mshindi, tutazisoma na herufi hizo.