Mita 60 za Mto Msimbazi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, imeharimisha shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuo wa bahari au mwambao wa ziwa. Na mintarafu ya Mto Msimbazi, ambao huanzia katika vilima vya Kisarawe, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, hata ukaingia baharini penye mikoko ya Selander jijini Dar es Salaam, kifungu hicho kimekuwa tegemeo kubwa la serikali. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40, jamaa nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Na mwishoni mwa 2015 nyumba za bonde hilo zilitiwa alama ya X, nyingine zikabomolewa.

Hikima ya mita hizo haina shaka, kwa kuwa ukingo wenye miti na majani hupunguza kasi ya maji, hushika udongo, na kuupa mto nafasi ya kutanda pasipo kudhuru mtu. Illa ukanda huo, hata ukihifadhiwa kwa uaminifu kamili, hauwezi kuponya maradhi ambayo asili yake iko mbali na ukingo.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji; basi paa la bati la mita za mraba 100, ikinyesha mvua ya milimita 50, hutiririsha lita 5,000, na mapaa 1,000 ya kadiri hiyo hutoa lita milioni 5, kabla hazijahesabiwa nyua zilizosakafiwa kwa saruji. Ardhi ile ile, ilipokuwa ina nyasi na mikorosho, ilikunywa sehemu kubwa ya maji hayo na kuyaachia mtoni taratibu. Bati na saruji huyasukuma yote kwa mkupuo mmoja. Fauka ya hayo, mchanga wa matofali aghalabu huchimbwa mtoni, kingo zikadhoofika na kuporomoka, na udongo uliofukuliwa kwa ajili ya misingi huko juu husombwa na mvua ukatuama Jangwani, ambako kina cha mto hupungua mwaka baada ya mwaka. Hivyo mjenzi wa mlimani, ambaye hajawahi kuukaribia ukingo, ana sehemu yake katika gharika ya bondeni.

Sheria zetu humkuta raia katika ncha mbili: mradi mkubwa, ambao hutakiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na nyumba ya mnyonge iliyokwisha kusimama mahali pasiporuhusiwa. Katikati ya ncha hizo ziko nyumba za kawaida, maelfu kwa maelfu, nyingi zimejengwa bila kibali. Na hata zile zenye kibali, mwenye nyumba huulizwa zaidi habari za kiwanja, ramani na kuta kuliko maji ya paa lake yatakakokwenda.

Swali hilo la maji lafaa liwe sharti la kibali, na majibu yake si ya gharama isiyokadirika: tangi la kuvunia mvua, shimo la kunyonya maji panapofaa, ua ulioachwa sehemu yake na nyasi, na kizuizi cha udongo wakati wa kuchimba msingi. Atakayesema kwamba sharti hilo litamlemea maskini ana hoja ya kusikilizwa. Ndiyo sababu yapasa lianze na wenye mapaa makubwa, yaani maghala, viwanda, masoko, shule na ofisi za serikali yenyewe, kisha liwafikie wengine kwa daraja. Kumwamuru mtu wa Kigogo avunje nyumba yake, hali ghala la juu yake lamwaga maji pasipo kuulizwa, ni kuitimiza nusu ya sheria na kuiacha nusu ya haki.