Kuuza Pikipiki Kuukuu: Dukani au kwa Mtu?

Katika shule za Uganda si wachache wanafunzi ambao karo zao hutoka katika kiti cha nyuma cha pikipiki. Baba au kaka huamka alfajiri, husimama stendi na wenzake, na huchukua abiria mmoja baada ya mwingine mpaka usiku. Pikipiki ya kazi hiyo haina maisha marefu. Baada ya miaka michache injini huanza kula mafuta, na mwenyewe hujikuta kila juma yuko kwa fundi. Hapo hana budi kuiuza na kutafuta nyingine, na hapo ndipo swali huzuka. Je, aipeleke dukani, aiache huko na kuongeza fedha juu ili apewe mpya, au amtafute mtu wa kumwuzia mkono kwa mkono?

Wengi hujibu upesi kwamba kuipeleka dukani ni kuibiwa. Neno hilo si kweli tupu, wala si uwongo mtupu. Yafaa tulichambue kwa hesabu, maana kosa moja hapa laweza kula karo ya muhula mzima.

Kwanza tufahamu kwa nini pikipiki iliyotumika hushuka bei kupita vile ilivyochakaa. Mwaka 1970 mtaalamu mmoja wa uchumi wa Marekani, jina lake George Akerlof, alitoa makala fupi juu ya jambo hili, akitumia mfano wa magari yaliyotumika. Majarida matatu ya wataalamu yalikuwa yameikataa kabla ya la nne kuikubali. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Fikira yake twaweza kuieleza kwa pikipiki hivi. Tuseme sokoni zimeletwa pikipiki 2 za aina moja, umri mmoja na rangi moja. Moja ni nzima, yastahili shilingi 3,000,000. Ya pili ni mbovu ndani, yastahili 1,000,000. Wenye mali wajua ipi ni ipi, lakini mnunuzi hajui. Naye kwa hofu hutoa bei ya katikati, 2,000,000. Mwenye pikipiki nzima akisikia bei hiyo hucheka, akairudisha yake nyumbani. Mwenye mbovu hufurahi na kubaki. Mnunuzi wa kesho, akijua kwamba nyingi zilizobaki ni mbovu, hatatoa hata hizo 2,000,000. Ndivyo mashaka ya mnunuzi yanavyomwadhibu hata muuzaji mwaminifu.

Basi bei ya pikipiki kuukuu ina mambo mawili ndani yake: thamani ya chuma chenyewe, na punguzo la mashaka. Kumwuzia mtu mkono kwa mkono ni kazi ya kuyaondoa mashaka hayo wewe mwenyewe, na ile ziada uipatayo ni mshahara wa kazi hiyo. Kuipeleka dukani ni kumwachia mwenye duka chuma pamoja na mashaka yake. Yeye ndiye atakayeifungua injini, atakayebadili vilivyokwisha, atakayeiweka dukani labda miezi miwili huku fedha yake imelala, na ndiye atakayelaumiwa na mnunuzi ikiharibika. Yote hayo huyatoa katika bei anayokupa, kisha hutoa na faida yake. Huo si wizi. Ni malipo ya kazi ambayo wewe hukuifanya.

Sasa swali ni hili: je, kazi hiyo yakufaa uifanye mwenyewe? Tutwae mfano wa hesabu. Bei za kweli hubadilika kila mwezi, kwa hiyo hizi zichukuliwe kama za ubaoni tu. Tuseme dukani wamekubali kuipokea pikipiki yako kwa shilingi 2,400,000, na mtu wa kawaida aweza kuinunua kwa 2,900,000. Tofauti ni 500,000. Lakini mtu wa kawaida hataichukua ikiwa na tairi la nyuma kipara na cheni iliyolegea, kwa hiyo utatumia kama 150,000 kwa tairi, cheni na mafuta ya injini. Dalali aliyekuletea mnunuzi naye ataka 100,000. Imebaki 250,000.

Hapa ndipo watu wawili wenye pikipiki moja, bei moja, huachana njia. Wa kwanza ni mwalimu ambaye huipanda kwenda shuleni na kurudi. Akikaa wiki mbili bila pikipiki atatembea kwa miguu au atapanda teksi, basi. Zile 250,000 karibu zote ni zake, naye atakuwa mjinga kuziacha dukani. Wa pili ni dereva wa bodaboda ambaye, baada ya kutoa petroli, hurudi nyumbani na shilingi 20,000 kwa siku. Akiuza leo na kupata nyingine baada ya siku 10, amepoteza 200,000, na faida yake imebaki 50,000. Zikifika siku 13, amepoteza 260,000, yaani amepata hasara ya 10,000 mbali na jua na usumbufu. Dukani angeingia asubuhi na kuukuu na kutoka mchana na mpya, na jioni watoto wangekula. Kwa hiyo anayesema duka ni baya kwa kila mtu hajahesabu siku.

Dereva huyo anayo njia ya katikati, nayo ni kuendelea kuifanyia kazi pikipiki huku akiitangaza, kisha auze na kununua katika siku moja au mbili. Njia hii ni nzuri kama amepata mpya mahali fulani na bei wamekwisha kupatana. Ubaya wake ni kwamba kila siku ya kazi ni siku ya hatari, na ajali ndogo kabla ya kuuza yaweza kuondoa zaidi ya zile 250,000.

Anayekwenda dukani naye ajihadhari na mchezo mmoja wa zamani. Mwenye duka aweza kukusifia kuukuu yako na kuipandisha bei, kisha akairudisha fedha hiyo kwa kupandisha bei ya ile mpya. Tuseme duka la kwanza linakupa 2,400,000 kwa kuukuu, na mpya lauza 6,000,000. Duka la pili linakupa 2,700,000, na mpya lauza 6,400,000. Mtu hukimbilia la pili kwa sababu limemheshimu. Lakini katika la kwanza ataongeza 3,600,000, na katika la pili 3,700,000. Tazama fedha inayotoka mfukoni mwako, si sifa. Tena ulizia bei ya mpya kwanza, kama mtu mwenye fedha taslimu, kabla hujataja kwamba unayo kuukuu nje.

Tuje sasa kwa yule aliyeamua kumwuzia mtu. Kwa kuwa kazi yake ni kuondoa mashaka, asifanye lolote la kuyaongeza. Kupaka rangi mpya ni kosa. Mnunuzi mwerevu aonapo rangi mbichi kwenye fremu huuliza rangi hiyo inaficha nini, ufa au kuungwa kwa moto. Ioshe, itie mafuta mapya, kaza cheni, hakikisha taa, honi na breki zinafanya kazi. Matengenezo makubwa ya injini usiyafanye kwa ajili ya kuuza, maana fundi atachukua fedha ambayo mnunuzi hatakurudishia. Afadhali useme wazi ubovu ulipo na kupunguza bei. Kama umeweka karatasi za fundi, za tarehe na vitu alivyobadili, zitoe. Karatasi hizo chafu zenye alama za vidole vya mafuta hushinda maneno matamu ya saa nzima.

Mnunuzi akija, usiwe umeipasha injini moto. Ajuaye kununua huigusa kwanza kwa mkono, na akiikuta ina moto hudhani kwamba asubuhi haiwaki. Mwache aiwashe ikiwa baridi. Atatazama moshi. Wa buluu maana yake ni kwamba mafuta ya injini yanaungua, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimekwisha. Mweusi maana yake ni kwamba petroli inaingia nyingi kupita kiasi, jambo ambalo mara nyingi huponywa kwa kusafisha au kurekebisha kabureta. Mvuke mweupe wa baridi ya asubuhi si kitu. Kisha atasimama nyuma na kufumba jicho moja aone kama magurudumu mawili yamo katika mstari mmoja. Yasipokuwa, huenda pikipiki iliwahi kuanguka vibaya.

Mita ya kilometa haimdanganyi mtu wa namna hiyo. Katika Bajaj Boxer nyingi, ambazo ndizo pikipiki za stendi nyingi za Uganda, mita huendeshwa kwa waya unaotoka gurudumu la mbele. Waya ukikatika, au ukifunguliwa kwa makusudi, hesabu husimama na pikipiki huendelea na safari. Kwa hiyo mnunuzi hutazama mpira wa kukanyagia, kanyagio la breki na vishikio. Mpira uliolika mpaka chuma, pamoja na mita isemayo kilometa 9,000, havisemi habari moja.

Kujaribu kuendesha ni haki ya mnunuzi, lakini wezi nao huja kwa sura ya wanunuzi. Mwacheni ajaribu, naye aache kwenu fedha yote ya bei, au wewe ukae kiti cha nyuma. Kitambulisho pekee si dhamana, maana cha bandia hupatikana. Mkutane mahali pa watu wengi wakati wa mchana, karibu na benki kama fedha ni noti, ili zihesabiwe na kutazamwa humo. Akilipa kwa simu, usiamini ujumbe ulioingia, kwa kuwa ujumbe mtu aweza kuuandika mwenyewe. Fungua akaunti yako ya simu utazame salio. Mpaka ulione limeongezeka, ufunguo ukae mfukoni mwako.

Jambo la hati ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu walifanyalo kwa haraka kuliko yote. Hati ya kuandikishwa, ambayo sisi na Wakenya huiita logibuku na Watanzania huiita kadi, ina namba ya injini na namba ya fremu. Mbele ya mnunuzi linganisheni namba hizo na zile zilizochongwa kwenye chuma. Kisha andikeni mapatano: majina, namba za vitambulisho, namba za pikipiki, bei, na mashahidi. Wengi huyapeleka kwa mwenyekiti wa LC1 yakapigwe mhuri, nayo ni desturi nzuri. Andikeni tarehe, na chini ya tarehe andikeni saa. Saa ina maana, kwa sababu ajali ya saa tisa alasiri na mauzo ya saa sita mchana yaweza kuwa katika tarehe moja.

Ila mapatano hayo hayatoshi. Jina lenyewe katika hati ya serikali halina budi kubadilishwa. Katika mji mmoja mdogo mtu aliuza pikipiki, akamkabidhi mnunuzi hati, na mnunuzi akaahidi kubadili jina kesho yake. Kesho hiyo haikufika. Baada ya miezi kadhaa pikipiki ilimgonga mtoto na dereva akakimbia. Polisi walifuata namba, na namba iliwapeleka kwa mwenye jina. Hakuwa hata na kipande cha karatasi chenye sahihi ya mnunuzi. Alikwenda kituoni siku nyingi kwa pikipiki ambayo si yake. Nendeni pamoja mkabadili jina, na kama mnunuzi asema hana fedha ya ada, afadhali umpunguzie bei kwa kiasi hicho ninyi mmalize siku ile ile.

Pikipiki iliyopatikana kwa mkopo haiuzwi mpaka deni limalizike au aliyekopesha akubali. Kampuni kama Tugende ya Kampala humpa dereva pikipiki naye hulipa kidogo kidogo mpaka iwe yake. Kabla ya malipo ya mwisho, dereva anayo pikipiki lakini hana mali ya kuuza. Mnunuzi aulize jambo hilo kabla ya kuuliza bei.

Mambo haya sasa yanaanza kugeuka kwa sababu ya umeme. Rwanda ilitangaza kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria katika Kigali zitakazoandikishwa ni za umeme tu. Za petroli zilizokwisha kuandikishwa ziliachwa ziendelee na kazi. Amri ya namna hiyo yaweza kubadili bei ya kuukuu bila injini kuguswa, na mwenye kutaka kuuza afuatilie habari za serikali kama anavyofuatilia moshi. Tena katika pikipiki nyingi za umeme, kama zile za kampuni ya Ampersand iliyoanza biashara Kigali mwaka 2019, dereva hamiliki betri. Huibadilisha kituoni kila ichokapo. Auzaye pikipiki ya namna hiyo huuza fremu, magurudumu na mota. Mnunuzi wake atataka kujua kwanza kama kampuni ya betri itampokea.